Somo la Kikohozi Kisichokwisha

Somo hili ni kwa watu wanaokohoa mwezi hata mwezi na mwaka hata mwaka, na kwa jamaa zao wanaolala nyumba moja nao, na kwa wahudumu wa afya wa vijijini ambao ndio huwaona kwanza. Katika milima ya Masisi na katika msitu wa Walikale watu wa namna hii si haba. Uliza habari zao, nawe utapata majibu matatu. Wengine watasema, "Ana kifua kikuu." Wengine, "Alilishwa sumu." Wengine, "Amelogwa." Lile neno la kwanza mara nyingi ni kweli, na lazima lichunguzwe mbele ya mengine yote. Lakini liko neno la nne ambalo wengi hawajalisikia: mtu huyu mapafu yake yaliumizwa zamani, na vijidudu vimeingia mahali palipoumizwa, vikafanya makao. Tusipojua jambo hili hatuwezi kumsaidia. Atapewa dawa zisizomfaa, au atatengwa bure na watu wake, naye atadhoofika kwa ugonjwa ambao ungeweza kutulizwa nyumbani kwake kwa kazi ya nusu saa kila siku.

JINSI KIFUA KINAVYOJISAFISHA

Fikiri mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Shina ni ule mrija mkubwa unaoweza kuushika kwa vidole mbele ya shingo. Ukishuka kifuani unagawanyika mara mbili, tawi moja kwenda kuume na moja kwenda kushoto. Matawi hayo nayo hugawanyika tena na tena, hata yawe membamba kuliko uzi. Pumzi hupita humo.

Ndani ya mirija hiyo kuna ute mwepesi. Vumbi la njia, moshi wa jiko, na vijidudu tunavyovuta pamoja na hewa hukwama katika ute ule. Na chini ya ute kuna vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho, navyo hupepea usiku na mchana kuelekea juu. Kazi yao ni kusukuma ute mpaka kooni, nasi tunaumeza bila kujua. Hivyo kifua cha mtu mzima wa afya hufagiliwa kila saa, hata akiwa amelala.

Sasa mirija ikipata jeraha kubwa, kuta zake hulegea na kupanuka, na vinyweleo hufa. Wewe mtu wa Masisi unajua mfereji wa maji mlimani. Penye mteremko mzuri maji hukimbia, nayo ni safi. Lakini ukingo ukibomoka, maji husimama pale, huwa mazito, hugeuka rangi ya kijani, na wadudu huzaliana. Ndivyo ilivyo kifuani. Ute ukisimama, vijidudu hula humo na kuongezeka. Mwili hupigana navyo, usaha hutokea. Na usaha huo huo hula kuta za mirija zaidi, hata shimo linakuwa kubwa kuliko kwanza. Ugonjwa huu wa mirija iliyopanuka waganga wa hospitali huuita bronkiektasia. Mfaransa Laennec, yule aliyevumbua mwaka 1816 chombo cha kusikilizia kifua, aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1819.

JERAHA LILITOKA WAPI?

Mara nyingi lilitoka utotoni. Surua ikishuka kifuani, kifaduro kikali, au homa ya mapafu isiyotibiwa vema, yote yaweza kuacha kovu katika mirija. Mwaka 2019 surua ilipoenea katika Kongo yetu, watu zaidi ya 300,000 walihesabiwa kuwa wameugua, na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Hesabu hiyo yasema habari za waliokufa. Haisemi habari za waliopona wakiwa na kifua kilichoharibika, ambao wengine wao wamo katika vijiji vyetu leo na wanakohoa. Kwa hiyo mama anayepanda mlima saa nne na mtoto mgongoni ili achanjwe surua na kifaduro, anamkinga na mauti, tena anamkinga na kikohozi cha maisha yote.

Njia nyingine ni kifua kikuu chenyewe. Mtu ametibiwa miezi sita, vijidudu vya kifua kikuu vimekufa, lakini mahali vilipokula pamebaki shimo na mirija iliyopindika. Amepona kifua kikuu, ila kifua chake hakikurudi kuwa kama zamani. Hapo ndipo vijidudu vya namna nyingine huingia, kama wezi wanaoingia katika nyumba ambayo vita vimeivunja mlango.

Tena kuna watu ambao nguvu ya mwili wao ya kujilinda ni ndogo, kama wenye virusi vya SIDA wasiomeza dawa. Tena kuna mtoto aliyecheka huku anakula karanga, punje ikapotelea kifuani, na hakuna aliyekumbuka. Mtoto akipaliwa ghafula, kisha kikohozi kikakaa majuma mengi, mwambie mganga habari ya karanga ile hata kama umeshaanza kuiona kuwa jambo dogo.

Wachimbaji wa Rubaya na wa machimbo ya Walikale wana taabu yao nyingine, nayo ni vumbi la mawe, ambalo hukausha mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango. Hiyo yataka somo lake lenyewe. Hapa nasema tu kwamba mchimbaji anayekohoa asikawie kupimwa.

WATOTO WA JASHO LA CHUMVI

Kuna ugonjwa mmoja ambao umewafundisha waganga mengi kuhusu vijidudu vinavyokaa kifuani. Jina lake ni sistiki fibrosisi. Mtoto huzaliwa nao. Haukuletwa na kosa la mama alipokuwa na mimba, wala na macho mabaya ya jirani. Baba ana kasoro moja katika urithi wake, mama naye ana ya namna hiyo, na wote wawili ni wazima kabisa. Wakizaa, kila mimba ina sehemu moja katika nne ya kupata kasoro zote mbili, na mtoto huyo ndiye atakayeugua.

Chumvi na maji havipiti vema katika mwili wake. Kwa hiyo ute wa kifua chake ni mzito kama gundi, vinyweleo haviwezi kuusukuma, na mirija yake ambayo wakati wa kuzaliwa ilikuwa mizima huanza kuharibika angali mdogo. Tumboni ute huo mzito huziba njia ya maji yanayoyeyusha mafuta ya chakula. Basi mtoto anakula sana na hanenepi, na choo chake ni kingi, kina mafuta na harufu mbaya. Na jasho lake lina chumvi kupita kiasi. Mama akimbusu kwenye paji la uso anaonja chumvi.

Mwaka 1938 mganga mwanamke wa New York, Dorothy Andersen, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa ukamili. Mwaka 1948 joto kali liliupiga mji ule, na watoto wenye ugonjwa huu walizimia kuliko wengine, maana chumvi ilikuwa inawatoka na jasho. Kutoka hapo Paul di Sant'Agnese na wenzake walionyesha mwaka 1953 kwamba jasho lao lina chumvi nyingi mno, na hata leo kipimo cha jasho ndicho kinachotumika kuutambua. Mwaka 1989 wataalamu wa Kanada na Marekani waliipata ile kasoro yenyewe ya urithi.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu tu. Sivyo. Katika Afrika ya Kusini umepatikana kwa watoto weusi, na hata kasoro inayoonekana zaidi kwa Waafrika inajulikana. Kwetu ni ugonjwa wa nadra, nami sitaki kila mama aondoke hapa akimlamba mtoto wake kwa hofu. Lakini wauguzi wanaolisha watoto wenye bwaki wasikie neno hili: mtoto akivimba na kukonda, akapewa maziwa ya dawa kama wenzake asinenepe, na kifua chake kikawa kibaya kila mara, na ndugu zake wakafa hivyo hivyo kabla yake, basi njaa peke yake haitoshi kuyaeleza hayo. Andika mambo hayo yote katika karatasi yake na umpeleke mbele ya mganga wa watoto. Kipimo cha jasho hakiko katika hospitali ndogo za milimani, na vidonge vipya vinavyorekebisha kasoro hii, ambavyo Marekani waliviruhusu mwaka 2019, vimeuzwa huko kwa bei ya zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka mmoja. Nani wa Walikale atavinunua? Hata hivyo, kabla vidonge hivyo havijakuwapo, watoto wa nchi nyingine walikuwa wameanza kuishi hata kuwa watu wazima, kwa sababu wazazi wao waliwasafisha kifua kila siku, wakawalisha vema, na wakatibu vijidudu mapema. Mambo mawili ya kwanza katika hayo hayahitaji dola.

VIJIDUDU VYENYEWE

Mwaka 1882 vijidudu viwili vilijulikana. Tarehe 24 Machi Mdachi Robert Koch alitangaza huko Berlin kijidudu cha kifua kikuu, na dunia yote ikasikia. Mwaka ule ule Mfaransa Carle Gessard alichunguza kwa nini vitambaa vya vidonda hugeuka rangi ya buluu na kijani, akapata kijidudu kingine. Siku hizi kinaitwa Pseudomonas. Ni wachache waliosikia habari hiyo, lakini wagonjwa wetu wa kikohozi cha miaka wangefaa kuijua.

Kwa kawaida vijidudu vya kwanza kukaa katika mirija iliyoharibika ni vile vinavyoleta homa ya mapafu na majipu. Baadaye, kwa wengine, Pseudomonas huja. Hupenda mahali penye maji: udongo mvuto, ndoo isiyosuguliwa, mabomba, na hata ile chupa ya maji iliyo kwenye mashine ya kutolea oksijeni. Muuguzi ambaye haoshi chupa hiyo na kubadili maji yake anampulizia mgonjwa vijidudu kifuani pamoja na hewa ya uzima.

Umewahi kukanyaga jiwe la mtoni ukateleza? Jiwe lina utando. Pseudomonas hujifunika kwa utando wa namna hiyo ndani ya mirija. Dawa huua vilivyo juu. Vilivyo chini ya utando hukaa. Homa hushuka, makohozi hupungua, mgonjwa hufurahi. Kisha baada ya majuma au miezi vinaamka tena. Kama kijidudu hiki kimeonekana kwa mara ya kwanza, dawa kali za mapema zaweza kukifukuza kabisa. Kikiisha kufanya makao, dawa hutuliza tu. Ndiyo maana kazi ya kutoa makohozi ni kubwa kuliko kazi ya vidonge. Huwezi kumaliza mbu kwa kuwapiga mmoja mmoja huku dimbwi likiwapo.

KWANZA UPIMWE KIFUA KIKUU

Kila mtu aliyekohoa majuma mawili au zaidi apeleke makohozi yake kupimwa. Makohozi yatoke kifuani, si mate ya mdomoni. Siku hizi hospitali nyingi zina mashine ya GeneXpert, ambayo huonyesha kifua kikuu kwa muda wa saa mbili hivi, tena husema kama kinaishinda dawa ya rifampisini. Lakini mashine hiyo ina jambo moja ambalo mgonjwa lazima alijue. Inatambua hata mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Mtu aliyetibiwa miaka michache iliyopita aweza kuambiwa kwamba kifua kikuu kimerudi, kumbe ni mizoga tu iliyobaki. Kwa hiyo sema waziwazi: "Nilitibiwa kifua kikuu mwaka fulani, nikamaliza dawa." Usifiche kwa aibu. Kwa neno hilo mganga atajua kutumia vipimo vingine kabla ya kukurudisha kwenye dawa.

Tuseme baba mmoja amepewa dawa za kifua kikuu mara tatu, na mara zote vipimo vya makohozi havikuonyesha kitu. Anakohoa kila asubuhi makohozi mengi, mazito, ya manjano au kijani, yenye kunuka. Ncha za vidole vyake zimevimba kama kichwa cha rungu. Kifua chake kikisikilizwa chini upande mmoja kinatoa sauti ya mchanga uliolowa. Huyo haitaji kupewa dawa za kifua kikuu mara ya nne. Apigwe picha ya kifua, ile watu wanayoiita radio, apimwe SIDA, na afikiriwe kuwa na mirija iliyopanuka.

Mpaka kifua kikuu kiondolewe shaka, afunike mdomo akikohoa na alale penye hewa. Lakini kikiisha kuondolewa shaka, msimtenge. Mirija iliyopanuka haimrukii mke wala watoto. Ale pamoja nao, alale nyumbani mwake, apakate wajukuu. Nimewaona wazee waliojengewa kibanda nyuma ya nyumba kwa ugonjwa ambao hautaambukiza mtu yeyote, nao walikufa kwa baridi na upweke zaidi kuliko kwa kifua. Kuna jambo moja la kuangalia: wagonjwa wawili wenye vijidudu hivi, hasa watoto wa jasho la chumvi, wasilazwe kitanda karibu na kitanda, wala wasitumie kikombe kimoja au chombo kimoja cha kuvutia dawa, maana wao kwa wao waweza kupeana.

KAZI YA NUSU SAA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ifanywe asubuhi kabla ya kula, na jioni kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Wakati mgonjwa amezidiwa na makohozi, aongeze mara ya tatu.

Akae wima, atulie, avute pumzi polepole mara chache. Kisha avute pumzi nyingi, aizuie kidogo kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, aiachilie. Afanye hivyo mara tatu au nne. Halafu afungue mdomo na koo, atoe pumzi kwa nguvu akisema "haaa", kama mtu anayepuliza kioo ili akifute. Asibane koo. Pumzi hiyo huvuta makohozi kutoka mirija midogo kwenda mikubwa bila kumchosha kama kikohozi kikali. Akisikia makohozi yamefika juu, akohoe mara moja au mbili, ateme ndani ya kopo lenye kifuniko. Apumzike, kisha aanze tena, hata kifua kiwe chepesi.

Jambo la pili ni kulala kwa namna itakayofanya makohozi yateremke. Kumbuka mfereji: maji hushuka, hayapandi. Kama mahali pabaya pako chini ya pafu la kuume, alale ubavu wa kushoto, ili ule wa kuume uwe juu. Awekewe chini ya kiuno mto au blanketi lililokunjwa, ili kiuno kiinuke kuliko kichwa. Akae hivyo dakika kumi au kumi na tano akifanya zile pumzi. Mwenzake aweza kumpigapiga ubavuni kwa kiganja kilichokunjwa kama cha mtu anayeteka maji. Sauti iwe nzito, wala isimuume. Asipigwe juu ya figo, wala uti wa mgongo, wala matiti. Mtoto mchanga asiinamishwe kichwa chini. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa moyo, mama mwenye mimba kubwa, na mtu anayetema damu. Mwuguzi akuonyeshe mara ya kwanza ni upande gani, kwa sababu mgonjwa mmoja haumii mahali pamoja na mwingine.

Watu wengi huona haya kufanya kazi hii mbele ya wageni. Basi ifanywe chumbani. Lakini ifanywe. Wengi huiacha siku ya nne wakisema kwamba haikuwaponya. Je, umefagia nyumba yako mara moja tu tangu ujengwe ukuta?

Kazi za mwili nazo husafisha kifua. Kupanda mlima polepole, kulima kidogo, kwenda kisimani, yote ni mazuri maadamu mtu haishiwi pumzi. Anywe maji ya kutosha ili makohozi yawe mepesi. Na ale vema, maana kukohoa usiku kucha hula nguvu kama kulima. Maharagi, karanga, mayai, samaki, sombe yenye mafuta ya mawese, maziwa na jibini kwa watu wa Masisi ambao bado wana ng'ombe: hiyo ndiyo dawa ya nguvu. Mtoto wa jasho la chumvi aongezewe mafuta, na chumvi wakati wa joto.

Habari ya moshi ni ngumu. Baridi ya Masisi watu wanaijua, na jiko ndilo linalopasha nyumba. Siwezi kumwambia mama apikie katika mvua. Lakini mgonjwa asilale karibu na moto, mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza kuni mbichi, na dirisha au tundu la juu liachwe wazi wakati wa kupika. Jiko la makala lisiingizwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa usiku. Hilo huua hata wenye kifua kizima. Tumbaku iachwe kabisa.

HABARI YA DAWA

Kila siku ina makohozi yake, na hayo si sababu ya kumeza dawa za vijidudu. Wakati wa kuja hospitali ni pale makohozi yanapozidi, au yanapobadilika rangi, au homa inapopanda, au pumzi inapokuwa fupi kuliko kawaida. Hapo mgonjwa hupewa dawa, mara nyingi siku kumi na nne. Azimalize zote. Kama hospitali yaweza kuotesha makohozi na kujua kijidudu, ni bora sana. Amoksisilini, ile dawa ya rangi mbili, hufaa kwa vijidudu vingi vya kwanza, lakini Pseudomonas haiiogopi hata kidogo. Kwa huyo karibu kidonge pekee kinachofaa ni siprofloksasini, na zinazobaki ni sindano za hospitali.

Sasa tazama hatari. Siprofloksasini inauzwa sokoni, hata vidonge viwili viwili. Anayemeza viwili leo na viwili juma lijalo anavifundisha vijidudu kuishinda. Tena dawa hiyo hupunguza nguvu ya kifua kikuu kwa kitambo bila kukiponya, na hivyo makohozi yakipimwa ugonjwa waweza kujificha, huku mtu anaendelea kuwaambukiza watoto wake. Usiinunue mwenyewe. Mwenye SIDA ameze dawa zake kila siku pamoja na kotrimoksazoli aliyopewa, kwa maana hizo zamkinga na magonjwa mengi ya kifua.

Mambo mawili niliyoyaona mara nyingi ni mabaya. La kwanza ni kukata kilimi, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni. Watoto wanaokohoa hupelekwa kwa mkataji, naye hutumia wembe au chuma. Kilimi hakileti kikohozi cha kifuani. Mtoto hurudi anakohoa vile vile, tena ana kidonda, na wengine hutoka damu mpaka wafe. La pili ni dawa za kutapisha sumu. Mtu dhaifu anayetapishwa aweza kuvuta matapishi kifuani, na sasa ana jeraha jipya juu ya lile la zamani. Kama jamaa wanaamini kuna sumu, msigombane nao mbele ya mgonjwa. Waonyesheni kopo la makohozi la juma la kwanza na la juma la tatu baada ya kazi ya nusu saa. Macho yao yatawaeleza.

AKITEMA DAMU

Michirizi midogo ya damu katika makohozi hutokea mara nyingi, nayo ni sababu ya kwenda kwenye kituo cha afya kesho yake, na kupimwa tena kifua kikuu. Lakini damu ikijaa nusu ya kikombe cha chai, hilo ni jambo la saa hiyo hiyo, hata usiku. Acheni kazi ya kusafisha kifua. Kama mnajua upande ulio mbaya, mlazeni kwa upande huo, chini, ili damu isiingie katika pafu zima. Angalieni kwamba hiyo ni kinyume cha namna ya kulala wakati wa kusafisha. Mbebeni katika kipoyi akiwa amelala hivyo, wala asitembee.

KARATASI ZA MGONJWA

Watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi katika miaka hii, na anayekimbia huchukua mtoto na sufuria, karatasi hubaki. Akifika mahali pengine, mganga asiyemjua anaona mtu mkondefu anayekohoa, na yote huanza upya. Basi muuguzi aandike kwa herufi zinazosomeka juu ya karatasi moja ndogo mambo haya: mwaka aliotibiwa kifua kikuu na kama alimaliza, tarehe ambayo makohozi yake yalipimwa mara ya mwisho na jibu lake, upande wa kifua ulioharibika, kijidudu kilichoonekana kama kilioteshwa, na dawa iliyomsaidia mara ya mwisho. Karatasi hiyo ikunjwe, itiwe ndani ya mfuko wa plastiki, ishonwe katika nguo anayoivaa zaidi au ifungwe pamoja na kadi ya chanjo ya watoto. Picha ya kifua ni kubwa, haikunjiki. Mwenye simu aipige picha mbele ya dirisha mchana, na amtumie ndugu mmoja anayekaa mahali pengine.